Fungu la mchanga halina mlango

Maji yakijaa, Nakupenda haipo. Fungu hilo la mchanga mkabala na Mji Mkongwe wa Zanzibar huzama, na boti zilizopeleka wageni asubuhi huwa zimeshapakia miavuli, majiko na maganda ya kamba. Kwa hiyo nahodha hupanga siku yake kwa bamvua na maji mafu kwanza, ndipo aangalie saa. Jambo hilo humuudhi sana mteja aliyepangiwa muda na mtu aliyeketi mbali, kaskazini kule Nungwi.

Nahodha mmoja wa boti ya mbao, aliyeomba asitajwe, analalamika kuwa safari moja huuzwa mara mbili au tatu kabla haijamfikia. Hoteli inaiuza kwa dola, wakala anakata chake, papasi, yule dalali wa mitaani, naye hakosi. Nahodha hulipwa shilingi, na humo humo atoe mafuta, barafu, matunda na samaki wa kuchoma. Mgeni akiona chakula kidogo, lawama ni za nahodha. Wakala mmoja anajitetea kuwa hasara ya mgeni anayeghairi ni yake. Huenda, ila hakuwa tayari kueleza nahodha anabaki na kiasi gani.

Penye mlango wa kulipia mambo ni afadhali. Kisiwani Changuu, penye kobe wa Aldabra ambao wa kwanza waliletwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919, mtu hulipa kiingilio. Msitu wa Jozani nako, kwa kima punju, na sehemu ya mapato hayo hurudi vijijini. Jua la ufukwe wa Kendwa likizama halikatiwi tiketi. Anayevuna ni mwenye viti na vinywaji.

Malalamiko hayo ofisa mmoja aliyajibu kwa hesabu iliyozoeleka: utalii ni karibu asilimia 30 ya pato la Zanzibar na takriban asilimia 80 ya fedha za kigeni, na wageni walipita 700,000 mwaka 2024. Hatuna ugomvi na hesabu. Lakini kinachohesabiwa ni kichwa kilichoingia uwanjani au bandarini, si kilichopanda boti. Wapo wanaokaa wiki nzima katika hoteli ambako hata maji ya kunywa wameshayalipia kwao Ulaya, mji wakauona kwa dirisha la gari.

Bima ya lazima kwa wageni, ya dola 44, iliyoanza Oktoba 2024, nahodha anaihesabu kama safari moja aliyonyang'anywa. Ofisa hakubaliani. Hakuna kati yao aliyeleta ushahidi.

Masika boti zitapandishwa mchangani kama kawaida, na Julai zirudi majini. Wageni wakizidi, huenda boti nazo zikazidi, na fungu halitanuki. Vijana wa pwani sasa wanajaribu kupokea wateja moja kwa moja kwa simu. Papasi nao wana simu.