Juu ya nini laseri haipaswi kuhama?

Tunajua redio: stesheni mbili zikikaribiana sana, sauti zinachanganyika. Katika uzi wa kioo unaopitisha habari iko vile vile. Laseri nyingi zinatumia uzi mmoja, kila moja na frekwensi yake, zikiachana mara nyingi gigahezi 50 ao 100.

Lakini joto likipanda digri 1 tu, laseri inashuka zaidi ya gigahezi 10. Zikiachana gigahezi 50, digri 5 zinatosha kuifikisha kwa jirani! Kwa hiyo mafundi wanaweka chini yake kipande cha kupoza kwa umeme. Tena, mwangaza kidogo unapitishwa katika kioo cha kupima: ukiongezeka ao kupunguka, chombo kinajua laseri imehama upande gani, kinabadilisha joto, nayo inarudi pahali pake. Bila hivi, habari za watu wawili zingeharibika pamoja.