Pundamilia Hatangulii kwa Hisani

Mvua zinapokoma na tambarare za kusini mwa Serengeti kukauka, pundamilia hutangulia kuhama, nyumbu hufuata, na swala tomi huja nyuma yao. Mwaka 1971 mtafiti Richard Bell alieleza mpangilio huo kwa namna inayorudiwa hadi leo: pundamilia huondoa mabua marefu, nyumbu hupata majani yaliyokuwa chini yake, na swala hubakiwa na machipukizi.

Miili yao inakubaliana na maelezo hayo. Pundamilia hacheui. Nyasi anazokula huchachuka kwenye utumbo mpana na kupita upesi, hivyo aweza kuishi kwa malisho duni mradi ale mengi. Meno yake ya mbele, ya juu na ya chini, hukata mabua bila shida. Nyumbu na swala hucheua. Nyasi ngumu hukaa tumboni mpaka zisagike, na muda wote huo hazipishi nyingine. Swala, mwenye mwili mdogo na mdomo mwembamba, hahitaji nyingi, ila lazima ziwe bora, kwa hiyo huchagua jani mojamoja.

Lakini kwa nini pundamilia atangulie? Utafiti uliotoka mwaka 2024 katika jarida la Science ulitumia picha za kamera za miaka 8, wanyama waliovishwa mikanda ya GPS, na DNA ya kinyesi. Ulionyesha kwamba pundamilia husukumwa. Nyumbu ni zaidi ya milioni moja, na anayewasubiri hukuta malisho yamekwisha. Swala ndiye anayevutwa: wakubwa wakishakula, yeye hufaidi.

Wafugaji nao wamo katika hesabu hii. Huko Laikipia, Kenya, Wilfred Odadi na wenzake walilinganisha ng'ombe waliolishwa pamoja na wanyamapori na waliolishwa peke yao, wakachapisha matokeo mwaka 2011. Kiangazi, ng'ombe waliochangia malisho waliongezeka uzito kidogo kuliko wenzao. Hivyo malalamiko ya wafugaji dhidi ya wanyamapori ni ya kweli. Msimu wa mvua mambo yaligeuka, wakawapita. Naamini mjadala wowote wa kuweka uzio wa kuwazuia wanyamapori ungepaswa kuanzia kwenye matokeo haya mawili kwa pamoja, kwa kuwa mnyama ni yuleyule: msimu wa mvua pundamilia alikuwa ameondoa mabua makavu, na ng'ombe wakayafikia majani mabichi yenye protini.