Mtoto Mwenye Maumivu Huangalia Uso wa Mzazi

Mwezi wa Julai, baridi ya Mlima Kenya ikishuka Nyeri na Karatina, mtoto mwenye ugonjwa wa viungo huamka magoti yamekakamaa. Kabla hajalia, anamwangalia mama. Mama akishika kichwa, "Uui, mtoto wangu ataisha!", mtoto naye anaogopa, misuli inajikaza na uchungu unazidi. Si kwamba anajifanya. Hofu na uchungu hukutana ubongoni.

Wazazi wengine humzuia asicheze, asiende shule. Ni upendo, lakini viungo visivyotembezwa hukakamaa zaidi. Naye baba akikemea, "Wacha uvivu!", mtoto atanyamaza tu, na daktari hatajua hali ilivyo.

Basi tufanyeje? Kiungo kikivimba, mpeleke hospitali, iwe Tumutumu au Mathari. Nyumbani mwambie, "Pole, najua inauma." Mpe dawa alizoagizwa, mkande kwa maji ya vuguvugu, kisha mzungumze habari za shule au za ndama. Usimwulize kila dakika kama bado inauma. Unamrudisha huko huko. Aende shule hata akichelewa.

Nawe mzazi ukichoka, machozi si dhambi. Lia kwa mwenzako, au kwa akina mama wa kikundi chenu kanisani, mtoto akiwa amelala.