Mbona jirani ana kitufe ambacho wewe huna?

Mteja wetu mmoja, mama anayeuza nafaka kule Langas, alitupigia juzi akiwa amekasirika kabisa. Yeye na jirani yake wa duka wana simu za aina moja na wanatumia apu yetu. Jirani ana kitufe cha kulipa vibarua wote kwa mpigo mmoja. Yeye hana, na kila jioni bado anawatumia pesa mmoja mmoja. "Kwani mimi si mteja wenu?" akauliza. Halafu akaongeza kitu kilichotushtua: kuna kijana alimwambia amtumie shilingi 500 pamoja na PIN yake, ati amfungulie.

Tuanze na huyo kijana. Hakuna mtu anayeweza kukufungulia huduma kwa PIN yako. Hakuna, hata sisi wenyewe. Ukijua vitufe hivi vinawashwa wapi, utaelewa kwa nini.

Chukulia ploti ya vyumba kumi pale Huruma. Fundi amepitisha nyaya za stima vyumba vyote, lakini swichi kubwa ziko kwa mwenye ploti. Chumba kikipata mpangaji, anawasha. Chumba kikiwa na hitilafu, anazima hicho peke yake na wengine wanaendelea kupika. Apu yetu imejengwa hivyo hivyo, kwa vipande. Kutuma pesa ni kipande kimoja, kulipa vibarua ni kingine, akiba ni kingine. Kila unapoifungua, simu yako inauliza seva yetu: huyu awashiwe nini? Seva inaangalia masharti na kujibu, kisha skrini inapangwa kulingana na jibu hilo. Hata menyu ya kabambe inafanya kazi vivyo hivyo.

Kwa hivyo swichi haiko kwa simu yako. PIN yako ni ya kuthibitisha kwamba ni wewe unayetoa pesa, basi. Anayeiomba anataka pesa, si kukusaidia.

Na hii si ajabu yetu peke yetu. M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007 ilikuwa na menyu fupi sana. Fuliza ilipokuja 2019, haikuwashwa tu kwa kila mtu: lazima ujiunge mwenyewe, na kiwango chako si cha jirani. Apu yao ya 2021 ilileta apu ndogo ndani ya apu kubwa, unazifungua bila kupakua kitu kingine. Na Agosti 2023, kiwango cha juu cha kutuma kwa mara moja kilipopanda kutoka shilingi 150,000 hadi 250,000, hakuna aliyehitaji kununua laini mpya. Kilibadilishwa huko huko kwenye mitambo.

Mbona tusiwashe kila kitu kwa kila mtu? Sababu moja ni simu zenyewe. Wateja wetu wengi wana simu zenye nafasi ndogo na bando za kuhesabu, na skrini yenye vitufe ishirini inamchanganya hata kijana wa chuo. Lakini sababu kubwa ni usalama wa pesa zako. Kipande kipya tunakiwasha kwa watu wachache kwanza. Hicho cha vibarua tulikianza na wakulima wachache wa Moiben wakati wa kuvuna mahindi. Jioni ya kwanza kikatuma ujumbe wa malipo mara mbili. Pesa zilienda mara moja tu, lakini hebu fikiria mkulima anayeona ujumbe mbili na watu kumi na wawili wamesimama shambani wakimngoja! Tulizima kipande hicho kwa dakika chache. Kutuma na kutoa pesa kuliendelea kama kawaida, na hakuna aliyehitaji kupakua apu upya. Kama tungekiwasha kwa wote siku hiyo, simu zetu zingelia mpaka asubuhi.

Kosa letu liko kwingine, na tunalikubali. Tulikuwa tunakificha kabisa kitufe ambacho hujakifikia. Mtu anaona kwa jirani, kwake haoni, na hakuna wa kumwambia sababu. Hapo ndipo tapeli anapata kazi. Sasa tunakionyesha kikiwa kimefifia. Ukikibonyeza kinakuambia kinachokosekana: labda kitambulisho hakijasajiliwa, labda laini ni mpya, labda hujakubali masharti, au labda bado ni zamu ya wachache. Ikiwa hukioni kabisa, sasisha apu kwanza. Kisha tupigie kwa nambari iliyo ndani ya apu yenyewe, si ile uliyotumiwa kwa ujumbe. Kuwashiwa ni bure, na ukiuliza sababu una haki ya kuambiwa.

Yule mama wa Langas, tulipoangalia, tatizo lilikuwa jina. Kulipa vibarua kunahitaji kibali cha biashara, na alichopakia kina jina la mume wake huku laini ikiwa na jina lake. Hilo sharti hatuwezi kulilegeza, maana pesa za watu wengi zinapitia hapo. Tumemwomba apakie kibali chenye jina lake, na amesema atakishughulikia wiki hii. Kikifika na kukaguliwa, atafungua apu kama kawaida na kitufe kitakuwa kimewaka.