Somo la Tisa: Mlango Kwanza, Moto Baadaye

Leo tutajifunza namna ya kutengeneza bodi ya motokaa ya zamani.

Tutatumia mfano wa Volkswagen, ile yenye mgongo wa mviringo kama kobe. Ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na 1962. Ilikoma kuundwa mwaka 2003 huko Meksiko. Kwa hiyo anayeitaka sharti aifufue iliyochakaa.

Madigadi yake manne hayana taabu. Yamefungwa kwa bolti. Ukizifungua, bovu hutoka na jipya huingia.

Taabu iko chini ya milango. Hapo, kila upande, pana mhimili wa bati ulio na uwazi ndani kama bomba. Mhimili huo hupitisha hewa ya moto kutoka kwenye injini iliyo nyuma. Tena ndio unaoipa bodi nguvu. Maji yakiingia, kutu huanza kula ndani. Nje utaona rangi nzuri, kumbe bati limekwisha.

Chukua bisibisi, ugonge kwa mpini wake. Bati zima hulia. Bati lililoliwa hubonyea.

Labda mtu atakuambia, "Tutapaka puti tu." Usikubali. Puti husawazisha kibonyeo kidogo, lakini haibebi mzigo. Siku ya ajali, anayeumia ni wewe na watoto wako. Mficha maradhi, kifo humfichua.

Basi utafanyaje? Fuata hatua hizi.

1. Ondoa betri iliyo chini ya kiti cha nyuma, na tangi la petroli lililo mbele. Cheche huleta moto.

2. Pima nafasi ya mlango, uandike vipimo.

3. Chomelea vyuma vya kuegemeza katika nafasi hiyo, kwa upande wa ndani, visizuie mlango kufunga. Ukikata mhimili bila vyuma hivyo, bodi italegea, na mlango hautakaa sawa tena.

4. Kata kutu yote mpaka ufikie bati zima.

5. Weka mhimili mpya, uushike kwa vibano. Usichomelee bado! Tia mlango, ufungue na kufunga. Je, mwanya ni sawa pande zote? Kama sivyo, sogeza mhimili, ujaribu tena.

6. Sasa chomelea, kidogo hapa, kidogo pale. Joto jingi mahali pamoja hupinda bati.

7. Paka rangi ya kuzuia kutu, nje na ndani ya mhimili. Kisha toa vyuma vya kuegemeza.

Andika majibu katika daftari lako:

Kwa nini puti haitoshi?

Kwa nini tunajaribu mlango kabla ya kuchomelea?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.