Kodi inaahirishwa, haifutwi: tuelewe dairekti indeksingi

Wandugu, wengi wetu tuko na kaka ao dada kule Marekani. Akiweka makuta kidogo pembeni, anaambiwa: "Acha mfuko wa indeksi, nunua hisa zenyewe, utalipa kodi kidogo." Halafu anatuuliza sisi tuliosoma. Mimi nilisoma uchumi, basi nieleze vile ninaelewa.

Tuanze na mfuko. S&P 500 ni orodha ya kampuni kubwa 500 hivi za Marekani. Mwaka 1976 John Bogle wa Vanguard alifungulia watu wa kawaida mfuko unaofuata orodha hiyo nzima, kwa gharama ndogo. Lakini mfuko ni kama gunia ya maharagi iliyoshonwa: punje mbovu ziko ndani, hauwezi kuziuza peke yake.

Dairekti indeksingi njo kufungua gunia. Unanunua hisa za kampuni moja moja kwa jina lako, kwa uzito wa orodha ileile. Hata mwaka soko inapanda, kuna kampuni zinashuka. Tuseme ulinunua PepsiCo kwa dola 2.000, sasa iko 1.400. Unauza, hasara ni 600. Palepale unanunua Coca-Cola, juu biashara zao zinafanana. Ukiwa umeuza hisa zingine kwa faida ya 600, ile hasara inaifuta. Kama kodi yako ni asilimia 15, haulipi dola 90.

Sheria iko kali: ukinunua tena PepsiCo ndani ya siku 30, kabla ao nyuma ya kuuza, hasara haihesabiwi mwaka ule.

Sasa tufike kwenye ukweli. Coca-Cola yako imeanzia 1.400. Siku inafika 2.000 na unauza, faida ni 600, kodi ni 90. Kumbe zile 90 zilikuwa zinakungojea tu! Kuahirisha kuko na maana, kwa sababu makuta inaendelea kuzaa. Tena mwenye hisa akifa, warithi wanahesabiwa kwa bei ya siku ya kifo. Lakini kadiri miaka inapita, hisa za zamani zinapanda juu sana, na hasara za kuvuna zinakuwa chache.

Inamfaa nani? Mtu mwenye faida kubwa na kodi ya juu. Sasa fikiria kaka anayefanya kazi ghalani. Mwaka 2025, mtu asiye na ndoa ambaye mapato yake ya kutozwa kodi hayakupita dola 48.350, alilipa asilimia 0 kwa faida ya hisa alizokaa nazo zaidi ya mwaka. Hasara ikikosa faida ya kufuta, inapunguza mapato mengine kwa dola 3.000 tu kwa mwaka. Inayobaki inahamia mwaka unaofuata. Kwa kodi ya asilimia 12, hiyo ni dola 360, haipite. Hapo bado haujatoa malipo ya meneja. Na kama makuta yake iko katika akaunti ya pensheni ya 401(k), mauzo ya ndani hayatozwi kodi, basi hakuna cha kuvuna.

Kwa hiyo ndugu akikuuliza, usimjibu haraka. Muulize kwanza: faida zako zinatozwa asilimia ngapi? Makuta iko katika akaunti gani? Meneja anakata ngapi kila mwaka? Majibu hayo matatu yakiandikwa kwa karatasi, hesabu yenyewe itamjibu.