BUNJU: SAMAKI WA KUTUPWA, SI WA MGAO

Ndugu wavuvi na wachuuzi wa samaki,

Tumeona yafaa tueleze habari za bunju. Samaki huyu huingia katika madema na majuya yetu pamoja na wengine. Wanunuzi hawamtaki, hivyo hubaki chomboni, na mwenye dhiki hushawishika kumpeleka nyumbani awe kitoweo cha watoto. Hapo ndipo hatari ilipo.

Bunju ni mnene, kichwa kikubwa, hana magamba. Meno yake yameungana yakawa mabamba manne, mawili juu na mawili chini, mfano wa mdomo wa kasuku. Kwa hayo huvunja kaa na konokono, hata hukata mishipi. Wako wa aina nyingi. Yule mkubwa wa madoadoa meusi huweza kufika sentimita 120. Hukaa kwenye miamba, penye majani ya bahari, na karibu na mikoko. Huogelea polepole, lakini akitishwa hunywa maji upesi akavimba kama mpira, adui asiweze kummeza.

Silaha yake kubwa ni sumu. Hutengenezwa na bakteria, nayo hujikusanya mwilini mwake, hasa katika ini, mayai, matumbo na ngozi. Kuchemsha, kukaanga wala kutia chumvi hakuiondoi. Huko Japani hupikwa na wapishi wenye leseni maalumu tu. Mtu asiseme, "Mzee wangu alimla asidhurike." Sumu hutofautiana baina ya samaki na samaki, na msimu na msimu.

Aliyekula huanza kufa ganzi midomo na ulimi, pengine kabla ya saa moja kupita. Kisha viungo hulegea, na pumzi hukatika. Dawa ya kuiua sumu hiyo haipo. Hospitali humsaidia mgonjwa kupumua mpaka sumu imtoke. Basi akimbizwe bila kungoja. Pumzi ikikatika njiani, apuliziwe hewa kinywani. Asidhaniwe amekufa kwa kuwa hatikisiki. Huenda anasikia kila neno.

Ndugu, bunju atupwe baharini, asiachwe ufukweni watoto wakamwokota. Na katika mapatano na wenye vyombo tudai mgao wa samaki wa kulika, au fedha taslimu. Makombo yenye sumu si ujira.